Mali Bila Daftari

Juma hili nataka kuwaeleza jinsi nilivyotiwa aibu na buibui.

Mwaka 2019 nalikuwa masomoni London. Jumamosi moja ya mwanzo wa Septemba, majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi, mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, alinichukua kwenda kukusanya buibui katika msitu wa Epping, naye alikuwa na idhini. Msitu huo uko ukingoni mwa mji, nao unalindwa kwa sheria tangu mwaka 1878.

Zana zetu zilikuwa chache: mwavuli mweupe, fimbo, chekeche, shuka, na chupa ndogo ndogo zenye spiriti. Mzee aliupindua mwavuli chini ya tawi, akaligonga tawi kwa fimbo. Mara buibui wakaanguka mwavulini. Majani makavu tuliyachekecha juu ya shuka, wakatoka wengine wadogo kama punje za wimbi. Njiani tulimwona buibui wa bustani, mwenye alama ya msalaba mgongoni, ametulia katikati ya utando wake. Majira yale jike hunenepa kwa mayai, huyataga, kisha hufa. Watoto hawatoki mpaka baridi imekwisha.

Nami nikashikwa na tamaa. Nalijaza chupa baada ya chupa, nikajiona hodari kumshinda mzee. Yeye kila alipomtia buibui chupani alisimama kuandika kikaratasi: mahali, tarehe, jina lake mwenyewe, na kama alimpata juu ya tawi au chini ya majani. Kikaratasi hicho alikitumbukiza mumo humo chupani. Aliandika kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huyeyuka katika spiriti.

Jioni akaziinua chupa zangu kumi na nne, akauliza, "Hawa uliwapata wapi, kila mmoja?" Nalinyamaza. Akasema kwa upole, "Basi, rafiki yangu, umewaua bure."

Neno hilo lilinichoma, mimi ambaye kazi yangu ni majalada! Ndipo aliponieleza habari za buibui mmoja mwenye milia ya manjano na nyeusi kama nyigu. Huyo alionekana Uingereza mara ya kwanza mwaka 1922, huko Rye, karibu na pwani ya kusini. Tangu hapo ameenea mbali kuelekea kaskazini. Safari yake yajulikana kwa sababu watu waliandika walimwona wapi, na siku gani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima apandaye mbegu mpya asiandike tarehe wala shamba, wakati wa mavuno atajuaje kama mbegu ilifaa? Na karani awekaye barua isiyo na tarehe, amehifadhi nini?

Tangu siku ile kalamu ya risasi haitoki mfukoni mwangu. Buibui kumi na nne walinilipia somo hilo kwa roho zao. Wewe, ndugu yangu, jifunze kwa bei nafuu zaidi.