Serikali Inayojua Kukusanya Haishindwi Kukagua

Twaandika juu ya kijana ambaye kila mmoja wenu amjua. Yuko chini ya gari katika gereji, mikono imejaa oili. Yuko Kamukunji akigonga bati tangu alfajiri. Yuko kwenye mjengo akibeba mawe, naye ameambiwa kwamba huko ndiko kujifunza uashi. Mwulizeni yeye ni nani mahali hapo. Hatasema ni mfanyakazi, kwa maana halipwi mshahara. Hatasema ni mwanafunzi, kwa maana hana mtaala wala mtihani. Atasema, "Niko tu hapa, najifunza." Na huo ni mwaka wake wa tatu.

Akinung'unika huambiwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naam, methali ni ya kweli. Lakini aliyeinama miaka mitatu, na cha mvunguni kikachukuliwa na mwingine, huyo hajifunzi. Huyo anatumikishwa.

Sisi tuliosomea sheria twatangaza kwamba kijana huyo ana jina katika sheria za Kenya. Jina lake ni mwanagenzi. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, iliyotungwa mwaka 1959 kabla ya bendera ya mkoloni kuteremshwa, yataka uanagenzi uwe wa mkataba ulioandikwa na kusajiliwa, na mwajiri afungike kufundisha kama kijana anavyofungika kutumika. Nayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamaliza ubishi wote: inapoeleza maana ya mfanyakazi, yasema kwamba mwanagenzi naye yumo. Si mtoto wa kufadhiliwa, wala mpita njia aliyeonewa huruma. Ni mfanyakazi.

Sheria hiyo hiyo yasema kwamba mkataba wa miezi 3 au zaidi sharti uandikwe. Mwajiri asipouandika, na shauri likafika mahakamani, ni juu yake yeye kuthibitisha au kukanusha masharti yanayobishaniwa. Tena yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja si kibarua tena, hata kama tajiri angali akimwita hivyo na kumlipa kila jioni. Juu ya haya yote iko Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 41 champa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, na Kifungu cha 55 chaiamuru Serikali ihakikishe kwamba vijana wanapata mafunzo yanayofaa na kwamba wanalindwa dhidi ya unyonyaji.

Basi tusidanganywe kwamba nchi hii haina sheria. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitekeleza, na hakosekani kwa bahati mbaya.

Tazameni kwanza upande wa fedha. Agizo la mwaka 2007 liliwatoza waajiri shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi, yaani shilingi 600 kwa mwaka. Kiwanda chenye watu 200 kikadaiwa shilingi 120,000 kila mwaka. Ushuru huo si makato ya mshahara, bali ni mzigo wa mwajiri mwenyewe, na kusudi lake ni moja: kuwafunza watu kazi. Mwaka 2011 sheria ilirekebishwa, ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, isimamie mafunzo hayo na mfuko wake. Ukusanyaji nao ukapitishwa kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, ile ile inayopokea kodi ya mishahara.

Fedha hizo huwarudia akina nani? Mwajiri aliyelipa ushuru, na aliyepata idhini kabla ya mafunzo, aweza kuomba arejeshewe gharama. Lakini awezaye kuomba ni yule mwenye ofisi, mwenye mhasibu, mwenye karani wa kujaza fomu. Meneja mwenye digrii aweza kupelekwa kwenye semina na gharama ikarudishwa. Kijana wa jua kali, ambaye bwana wake hana hata risiti ya spana aliyonunua jana, hapati kitu. Akitaka kufanya mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, ili apate karatasi ya kuonyesha kwamba anaijua kazi, ada hutoka katika mfuko wake ambao haujawahi kuingia mshahara.

Hatumshtaki mtu yeyote kwa wizi. Tunachodai ni hesabu. Kifungu cha 201 cha Katiba chataka fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na uwajibikaji, na Kifungu cha 35 chatupa haki ya kuuliza. Tuelezwe kila mwaka, kwa lugha ambayo mama wa sokoni aifahamu: zilikusanywa shilingi ngapi, zilirejeshwa kwa sekta gani, na ni wanagenzi wangapi waliomaliza mafunzo kwa fedha hizo.

Tazameni sasa upande wa ukaguzi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007 yampa afisa wa kazi uwezo mkubwa. Aweza kuingia mahali pa kazi kwa saa zinazofaa, mchana na hata usiku, akagua daftari na kuwahoji watu. Tangu mwaka 1964 Kenya imeridhia Mkataba Na. 81 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka wakaguzi wawe wa kutosha, wawe na ofisi, wapewe njia ya kusafiri, na ripoti ya kazi yao ichapishwe kila mwaka. Lakini nendeni na malalamiko yenu leba, msikilize mtakayojibiwa: gari hakuna, mafuta hakuna, afisa ni mmoja na kazi ni nyingi. Paka akiondoka panya hutawala. Hapa paka hakuondoka kwa hiari yake. Alinyimwa chakula mpaka akashindwa kusimama.

Wanaosema kwamba Serikali haina uwezo na waisome historia. Sheria za mabwana na watumishi za mwanzo wa karne ya 20 zilifanya kumtoroka mwajiri kuwa kosa la jinai. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wazee wetu wakatiwa alama za vidole, wakavaa kipande shingoni ndani ya kikasha cha bati, na ndani yake jina la tajiri na ujira vikaandikwa. Serikali ile, isiyo na kompyuta wala simu za mkononi, iliweza kumtafuta mtu mmoja aliyetoroka shamba na kumrudisha kwa pingu. Wakati ule karatasi iliandikwa ili kumfunga mfanyakazi. Leo mfanyakazi aomba karatasi ili imlinde, naye aambiwa kwamba hakuna wa kuiandika.

Serikali ya leo yamjua kila mwajiri aliyesajiliwa, kwa namba yake ya kodi, kila mwezi. Akichelewa kulipa, adhabu humfikia bila gari wala mafuta. Basi orodha ya waajiri ipo. Serikali inayojua kukusanya haiwezi kudai kwamba haijui mahali pa kukagua.

Lakini tusishangae sana, kwa maana Serikali yenyewe imeonja utamu wa mtindo huu. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu na kusajiliwa kwa jina la wanagenzi, kwa malipo ya chini, kulivunja haki yao ya kutendewa kwa haki kazini. Mwaka huo huo madaktari waligoma kwa siku 56, na malipo ya madaktari wanagenzi yalikuwa kiini kimojawapo cha mzozo. Mwalimu aliyepewa darasa zima la watoto hajifunzi kazi, anaifanya. Iwapo Serikali yaweza kumwita mfanyakazi mwanafunzi ili imlipe kidogo, itakwenda na uso gani kwa mwenye gereji?

Kuna wanaotuonya kwamba sheria zikikazwa wawekezaji watakimbia. Hoja hiyo tuliisikia wakati Sheria ya Maeneo ya Uzalishaji wa Bidhaa za Kuuza Nje ilipotungwa mwaka 1990. Viwanda vikaja, lakini Januari 2003 maelfu ya wafanyakazi wa viwanda hivyo walimiminika barabarani Athi River na Nairobi kwa migomo. Amani iliyojengwa juu ya woga haidumu, na mwekezaji mwenye akili alijua hilo kabla yetu.

Wengine husema, na hao twawaheshimu, kwamba fundi wa jua kali ni maskini pia, hana uwezo wa kumlipa mwanagenzi. Ni kweli. Ndiyo maana hatuombi askari watumwe Kamukunji kuwakamata mafundi. Twataka mfuko wa ushuru umfikie fundi huyo. Aandikishe mwanagenzi wake kwa mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaotaja kazi itakayofundishwa, muda wake na posho. Mfuko nao uchangie posho hiyo na ulipie mtihani mwishoni. Mtu akisema kwamba fundi hakulipa ushuru, kwa hivyo asipate, tumjibu kwamba ushuru uliowekwa na sheria si akiba ya chama cha waajiri. Ni fedha ya umma, na ujuzi unaokusudiwa ni ujuzi wa taifa zima.

Enyi watu wa makanisa, jambo hili si geni kwenu. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza watoto wafanye nini baada ya kumaliza shule, na kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Leo, kwa Jedwali la Nne la Katiba, vyuo hivyo viko chini ya kaunti, ilhali viwango vya kazi vimebaki mikononi mwa Serikali ya kitaifa. Kijana amefundishwa na mmoja na kunyonywa mbele ya macho ya mwingine, na kila mmoja amnyoshea mwenzake kidole. Ninyi mlioanzisha kazi hiyo mna haki ya kuwaita wote wawili meza moja.

Lakini anzeni nyumbani. Kanisa lenu linapojenga ukumbi, wale vijana wanaochanganya saruji wana mkataba? Wanalipwa, au wanaambiwa kwamba wanamtumikia Mungu? Mnasoma habari za Labani, aliyembadilishia Yakobo ujira mara kumi. Msimhubiri Labani Jumapili na kumwajiri Jumatatu.

Basi twadai haya manne. Kwanza, hesabu za mfuko wa mafunzo zichapishwe kila mwaka na kubandikwa katika kila ofisi ya kazi. Pili, wanagenzi wa jua kali waandikishwe, na mfuko uwafikie. Tatu, Bunge litenge fedha za kuajiri wakaguzi wa kazi na kuwapa usafiri, na ripoti yao itolewe hadharani. Nne, Serikali ikome kuwaita wafanyakazi wake wanafunzi.

Nanyi wanaharakati, msingoje hayo yatimie. Mwambieni kila kijana aandike tarehe aliyoanza kazi, jina la aliyemwajiri na kila senti aliyopewa, na kuhifadhi majina ya mashahidi. Madai ya kazi hufungwa baada ya miaka 3, na wengi hupoteza haki yao kwa kungoja huruma.

Mei Mosi 2024 Serikali ilitangaza nyongeza ya asilimia 6 katika kima cha chini cha mshahara. Mei Mosi 2025 ikatangaza asilimia 12, na watu wakapiga makofi. Sisi hatuchukii nyongeza. Twakumbusha tu hesabu ya darasa la kwanza: asilimia 12 ya sifuri ni sifuri. Mtakapokwenda uwanjani Mei Mosi nyingine, mkasikia asilimia mpya, msipige makofi kabla ya kuuliza swali moja kwa sauti ya kusikika jukwaani: ni nani atakayekuja kukagua, na atakuja lini?