Daftari la Wiki: Kuifufua Kompyuta ya Mezani Kibondo

Anayetaka kuifufua kompyuta ya mezani Kibondo au Kasulu huanza na umeme, si na prosesa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020, miji hii miwili ya nyanda za juu za Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, ndipo gridi ya taifa ikafika kupitia Nyakanazi. Gridi haikumaliza kukatika kwa ghafla, wala haizuii radi za masika. Umeme unaporudi baada ya kukatika, huweza kurudi na msukumo mkubwa kuliko volti 230 za kawaida, na kifaa cha kwanza kuupokea ni pawasaplai. Kompyuta iliyozimika ghafla na kuwekwa stoo kwa miaka miwili huenda haina ugonjwa mwingine wowote.

Fundi huipima pawasaplai kabla hajataja bei ya kitu kingine. Plagi kubwa ya pini 24 ikiwa nje ya ubao mama, waya wa kijani huunganishwa na mweusi wowote, kisha kifaa kinawashwa. Feni kuzunguka si ushahidi wa kutosha. Mita iguswe kwenye waya wa njano: isome kati ya volti 11.4 na 12.6. Waya mwekundu usome karibu na 5, wa rangi ya chungwa karibu na 3.3. Ikipungua hapo, kompyuta itawaka leo na kujizima kesho katikati ya kazi ya mteja, na lawama zitaangukia RAM au Windows isiyo na kosa.

Kwenye kubadilisha ndipo pesa nyingi hupotea. Madukani zipo pawasaplai mpya za bei nafuu zilizoandikwa wati 500, nyepesi mkononi kwa sababu ndani hamna shaba wala kapasita za kutosha. Kompyuta ya ofisi yenye prosesa ya Core i5, bila kadi ya picha, haifiki wati 150 hata ikifanya kazi nzito. Pawasaplai ya wati 240 au 275 iliyotolewa kwenye Dell ya zamani, ikiwa imepimwa, ni bora kuliko hiyo mpya ya wati 500 za kwenye lebo. Hata hivyo si kila moja inaingia kila mahali. Dell OptiPlex 7010 hutumia plagi ya kawaida ya pini 24, lakini OptiPlex 9020 iliyoifuata hutumia pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 hutumia pini 6. Makasha membamba nayo yana pawasaplai zenye umbo lao. Picha ya plagi na ya lebo itumwe kwa muuzaji kabla ya hela kutumwa.

*

Kosa la aina hiyo huuma zaidi huku kuliko Dar es Salaam. Mtu wa Kariakoo akipewa kifaa kisichoingia hurudi dukani mchana uleule. Wa Kibondo hupokea mzigo kwa basi, na kuurudisha ni nauli nyingine ya kifurushi na siku nyingine za kungoja. Lami ya barabara ya Kabingo hadi Manyovu, takriban kilomita 260 kupitia Kibondo na Kasulu, hupunguza vumbi na saa za safari, lakini haipunguzi gharama ya kununua kitu kibovu. Kwa hiyo Kahama, Mwanza na Kigoma mjini zafaa kuulizwa kwanza, hata kama bei imezidi kidogo. Muuzaji anayekubali kuandika waranti ya wiki mbili kwenye risiti anastahili hiyo nyongeza.

*

Swali linalofuata ni kama ubao mama uliopo unastahili kugharimiwa. Mashine za Pentium 4 na skrini zake za kioo kinene ziachwe. Seti kama hiyo inayotumia wati 180 kwa saa 10, siku 26 za mwezi, hula karibu uniti 47 za LUKU. Mashine ya i5 na skrini bapa, kwa wati 70, hula uniti 18. Tofauti hiyo hulipwa kila mwezi, na kwa stesheneri ndogo inayochapa barua na kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi, ni pesa inayoonekana.

Core 2 Duo iko mpakani. Inaandika, inachapisha, inafungua barua pepe, lakini kurasa za sasa za intaneti huilemea. Ikiwa tayari ipo nyumbani na ni nzima, iongezewe RAM ifike GB 4 na iendelee. Kuinunua upya si busara.

Pa kuanzia kwa mwenye bajeti ndogo ni mashine za ofisi za kizazi cha tatu na cha nne cha Intel, zilizotoka kuanzia 2012: Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP Compaq Elite 8300, Lenovo ThinkCentre M92p. Zilijengwa kwa kazi ya kutwa, hufunguka bila bisibisi nyingi, na spea zake zimejaa kwenye soko la mitumba. Prosesa ya i5-3470 ina viini vinne na picha zake za ndani, kwa hiyo kadi ya picha haihitajiki.

Prosesa hubadilishwa kwa kufuata soketi, na soketi peke yake haitoshi. Kizazi cha pili na cha tatu hutumia LGA 1155, cha nne hutumia LGA 1150, na haviingiliani. OptiPlex 790 na 990 za 2011 zina soketi hiyo ya 1155, lakini hazipokei prosesa za kizazi cha tatu. Mtego mwingine ni Xeon. Xeon E3-1240 v2 ina nguvu zinazolingana na i7-3770 na mara nyingi ni rahisi zaidi, lakini haina picha za ndani. Anayeifunga bila kadi ya picha atatazama skrini nyeusi. Na kwa kweli, aliye na i5 ya viini vinne hana sababu ya kubadilisha prosesa kabla hajabadilisha diski.

*

Diski ndiyo mahali ambapo pesa kidogo huleta badiliko kubwa kuliko kote. Hadi diski ya kawaida husoma megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, na kila inapotafuta faili dogo huchelewa takriban sehemu 10 za elfu ya sekunde, maana kichwa cha kusomea lazima kihame. SSD ya SATA hufika megabaiti 500, na kutafuta kwake ni kwa haraka mara mia hivi. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwa tayari kabla mteja hajakaa vizuri. SSD pia haina kichwa cha kugonga sahani umeme unapokatika, ingawa faili lililokuwa likiandikwa bado linaweza kuharibika.

GB 240 au 256 zinatosha kwa mfumo na programu. Hadi diski ya zamani ibaki ndani kama ghala la picha na nyimbo, baada ya kukaguliwa kwa CrystalDiskInfo: ikionyesha sekta zilizohamishwa zinazoongezeka kila wiki, itolewe. SSD ya jina lisilojulikana inayodai TB 2 kwa bei ya GB 256 ni ya udanganyifu. Programu ya H2testw huijaza na kuisoma tena, na uongo hujulikana siku hiyohiyo, ndani ya waranti.

*

RAM ni rahisi kuongeza na ni rahisi kukosea. GB 8 katika vijiti viwili vya GB 4 ndicho kipimo cha kazi za ofisi kwa sasa. Vijiti viwili vinavyofanana husoma kwa njia mbili, na picha za ndani hufaidika. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR2 wala ya DDR4, pengo la chini limewekwa mahali tofauti kwa makusudi, na asiyelitazama huvunja nafasi kwa kulazimisha. Vijiti vinavyouzwa kwa bei ya kutupa huwa na sababu. Vya seva, vilivyoandikwa herufi R baada ya namba ya kasi, haviwashi mashine hizi. Vipo pia vya DDR3 vinavyokubali mbao za AMD peke yake. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo hana nia mbaya, ila hasara ni ya mnunuzi.

Kabla ya kununua kijiti chochote, vilivyopo visafishwe miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli na virudishwe. Kiangazi cha Kasulu huleta vumbi jekundu linaloingia kila tundu, na kompyuta nyingi zinazopiga mlio bila kuonyesha kitu huhitaji kupulizwa kwa blowa, pesti mpya chini ya feni ya prosesa, na betri ya CR2032 ya volti 3. Kazi hiyo yote ni ya asubuhi moja.

*

Programu nayo ina bei. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti rasmi huanzia kizazi cha nane cha Intel pamoja na TPM 2.0. Mashine zote zilizotajwa hapa zimeachwa nje. Linux Mint pamoja na LibreOffice ni bure, hupata masasisho ya usalama, na huenda vizuri kwenye GB 4 za RAM. Printa ijaribiwe kwanza: HP LaserJet P1102, kwa mfano, huhitaji faili la ziada la kupakua. Windows ya wizi iliyowekwa kwa flashi ya mtu ndiyo njia fupi ya virusi kuhamia kwenye flashi za wateja wote wa stesheneri.

*

UPS ya VA 650 huipa mashine kama hii dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Ikinunuliwa iliyotumika, ihesabiwe pamoja na betri mpya ya volti 12, ampea-saa 7, kwa kuwa iliyomo kwa kawaida imeshakufa. Radi zikianza, plagi ichomolewe ukutani, na waya wa intaneti nao, maana mshtuko hupita humo pia.

Mwenye pesa za vitu vitatu tu basi anunue pawasaplai nzima, SSD ya GB 256 na betri ya UPS, kwa mpangilio huo. Prosesa isubiri. Anayetaka kuhariri video za harusi asitie pesa kwenye kizazi cha tatu. Aongeze akiba mpaka afike kizazi cha nane.