Je, Mtoto Huwekwa Akiba?

Hapa Lubumbashi, katika Kamalondo na Katuba, twawajua akina mama walioolewa miaka kumi bila kuzaa. Twayajua na maneno wanayotupiwa na mawifi zao, na mahari inayokumbushwa kila kukicha. Basi hatutamcheka mama atafutaye mtoto kwa machozi. Neno letu ni juu ya dawa anayouziwa.

Waganga wa uzazi wa siku hizi huchukua mayai ya mke na mbegu za mume, wakaviunganisha nje ya tumbo. Mara nyingi hupatikana viini vya mimba vinne, vitano, hata zaidi. Kimoja au viwili hutiwa tumboni. Vinavyosalia hugandishwa ndani ya azoti iliyogeuzwa maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri, vingojee zamu yao. Mwaka 1984, huko Melbourne, Australia, alizaliwa mtoto aliyepitia baridi hiyo.

Wengine hutuuliza: “Mwapinga nini, nanyi mwawaona watoto hao wakienda shule?” Watoto hao ni wa Mungu sawa na wetu, na Padri huwabatiza kwa furaha. Sisi twauliza habari za ndugu zao waliobaki. Katika Uingereza sheria iliruhusu kuvitunza viini miaka mitano, labda wazazi waombe muda zaidi. Agosti 1996 muda ukaisha, wazazi wengi hawakujibu barua, na viini zaidi ya 3,000 vikaondolewa katika baridi, vikafa. Nani aliwalilia? Hata mume na mke wakiachana, au wakifa, kiini chao kingali pale, hakina wa kukitetea.

Roma ilikataza jambo hili mwaka 1987 katika Donum vitae, ikarudia mwaka 2008 katika Dignitas personae, ikikiri kwamba dhuluma waliyotendewa hao walioachwa haina njia ya kutengenezwa. Kanisa, lenye njia kwa kila mkosefu, hapa laona mlango umefungwa!

Nasi wakristu mikono yetu si safi. Nani amsukumaye mama yule hata auze kiwanja? Ni sisi, tumwitao mgumba kabla mumewe hajapimwa. Mara nyingi kasoro iko kwa mume, au mirija ya uzazi imezibwa na ugonjwa usiotibiwa mapema. Kutibu magonjwa hayo Kanisa halikukataza kamwe. Wanaume wa parokia zetu, tuliokubali kwenda kupimwa ni wangapi?