Eti Goma walihamishwa bure!

Kuna kauli inanikera kila mazungumzo yakigusa Nyiragongo. Eti watu wa Goma walihamishwa bure mwaka 2021. Mlima ulilipuka Mei 22 bila onyo. Siku tano baadaye mamlaka ya mkoa ikaamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame, na hakuna kilicholipuka. Kwa hiyo, wanasema, vile vipimo vya wataalamu ni urembo tu.

Nusu ya kwanza nakubali. Mlima haukutoa dalili za wazi kabla ya lava kutoka jioni ile, na watu zaidi ya 30 walikufa. Nusu ya pili ni uvivu wa kufikiri.

Magma ikijipenyeza chini, ardhi ya juu huinuka, hupasuka, husogea kwa sentimita. Mitambo ya GPS hulihisi hilo. Setilaiti za rada nazo hupiga picha siku mbili tofauti. Ukizilinganisha unaona palipohama. Kisha inakuja hesabu: chini kuna kitu cha umbo gani, kwenye kina gani, hata ardhi isogee namna hii? Mjapani Kiyoo Mogi alitumia hesabu za aina hiyo tangu 1958 (nasi tulipokuwa shule tuliuliza hesabu zina kazi gani!).

Basi vipimo hivyo ndivyo vilivyoonyesha magma imepita chini ya Goma kwenyewe hadi chini ya Ziwa Kivu, ikienea zaidi ya kilomita 20. Na ziwa lile limebeba methani na hewa ya ukaa tele. Wewe ungefanyaje? Ungewaacha watu walale? Kwamba magma haikutokeza juu ni bahati yao, si kosa la aliyepima.

Kinachonichoma ni hiki: fedha za wafadhili zilipokwisha 2020, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikaa miezi bila intaneti ya kupokea data kutoka mlimani. Intaneti, jamani! Kwa mlima uliokwisha kuunguza sehemu ya mji huohuo Januari 2002. Mtaniambia hata ingekuwepo isingebadili kitu. Huenda. Lakini unamfunga mlinzi kitambaa machoni, halafu unamcheka kwa kutomwona mwizi?

Na sisi wanahabari? Tulitoa picha za lava, za watu na magodoro kichwani, tukahamia habari nyingine. Mimi mwenyewe sijawahi kumpigia simu mtafiti wa volkano wakati mlima umetulia. Wiki hii nampigia mmoja, na swali langu la kwanza ni nani kalipa bili ya intaneti.