Gauni la Shifoni Si "Kushona Tu"

Wasee, tuheshimu kazi ya watu. Januari jua likianza kuchoma Nairobi, kila dem anayeshona kwa keja anatumiwa meseji ileile: "Nishonee gauni jepesi la shifoni. Kitambaa niko nacho, ni kushona tu."

Kushona tu?

Shifoni huteleza kama samaki mbichi. Usipoitandikia karatasi nyembamba na kuibana kwa pini kabla ya kukata, upande mmoja unatoka mrefu kuliko mwingine. Sindano nene inavuta nyuzi, so lazima utafute nyembamba, namba 60 au 70. Na kwa vile inaonyesha ndani, mshono unapitiwa mara mbili: unashona, unapunguza kingo, unageuza, unashona tena kuzificha. Kama limekatwa mshazari, unalitundika hadi kesho yake lishuke, ndio usawazishe pindo.

Halafu ulipe bei ya kupunguza suruali?

"Lakini Gikomba ni rahisi." Sawa, nenda. Bei ya mtumba haihesabu ushonaji. Huo ulilipwa kitambo na mtu mwingine.

"Si unashonea nyumbani, hulipi kodi ya duka." Na tokeni za stima ananunua nani? Macho yake je?

Kama bado unaona ni mchezo, nunua mita tatu Eastleigh, ukalie cherehani wikendi nzima. Ukimaliza, tuambie wewe ungelipisha ngapi.