Msitupe Vipande: Wito kwa Wakazi wa Bagamoyo na Pwani Yake

Ndugu zangu wa Dunda, Magomeni na Nianjema, wa Kaole na Mlingotini, wa Zinga, Kerege na Mapinga, mpaka kwenu Bunju na Kunduchi: naomba vipande vyenu vya vigae. Naomba na sahani zilizopasuka, vikombe vilivyokatika mikono, chupa zisizorudishwa dukani, vioo vya kabati vilivyoanguka. Sivitaki kwa ajili ya nyumba yangu. Navitaka kwa ajili ya kuta zetu sote: ukuta wa shule, ukuta wa zahanati, mabenchi ya stendi, soko la samaki. Tuzipambe kwa mozaiki tutakazozitengeneza wenyewe, kwa mikono ya mafundi wetu na watoto wetu, kutokana na vitu ambavyo leo tunavimwaga shimoni.

Kila aliyejenga anajua. Fundi akimaliza sebule na choo, hubaki ndoo mbili tatu za vipande: pembe zilizokatwa, vigae vilivyopasuka njiani, boksi moja la rangi ambayo mama mwenye nyumba aliikataa. Na pwani hii inajengwa. Toka Tegeta uelekee Bagamoyo, utaona nyumba zinapandishwa pande zote mbili za barabara. Mabaki yake huenda wapi? Hufukiwa kwenye mashimo ya njia, hutupwa nyuma ya uzio au kwenye korongo, na masika yakija yanasombwa kuelekea baharini. Chuma chakavu kina mnunuzi. Chupa za plastiki zina waokotaji wanaozipitia kila asubuhi. Kigae kilichovunjika hakina mtu wa kukitaka, wala hakiozi. Wa kwanza kukiona ni mtoto anayekimbia pekupeku, na anakiona kwa unyayo.

Watu wa pwani hii waliwahi kuvipa vyombo vya udongo heshima kubwa kuliko hii. Nendeni Kaole, kilomita tano hivi kusini ya mji. Kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi 22, mengine yakiwa na minara ya mawe ya matumbawe. Kwenye minara na kuta za makaburi kama hayo wazee walipachika mabakuli ya Kichina, wakayakandika kwa chokaa, uso wa bakuli ukitazama nje ili jua lilipige. Kunduchi ni vivyo hivyo: makaburi ya karne ya 18 yalipambwa kwa sahani. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipita pwani yetu hadi Kilwa, akakuta vigae vya kauri ya Kichina vingi mno ardhini, hata akasema kwamba historia ya Tanganyika tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri hiyo.

Nataka tulitafakari jambo hilo kidogo. Hapa hapakuwa na kiwanda cha kauri. Kila bakuli lilivuka bahari kwa upepo wa kaskazi, likiwa mali ya thamani, na wenyewe wangeweza kulificha kabatini lirithiwe na wajukuu. Wao walilitoa mezani wakalitia ukutani, mahali ambapo maskini na tajiri, mwenyeji na mgeni, wote wangeliona. Uzuri walioununua kwa fedha zao waliuweka njiani. Sisi leo vigae tunavyo tele. Kiwanda kikubwa cha vigae kipo Pingo, Chalinze, ndani ya mkoa wetu huu wa Pwani. Tunavyo vingi kuliko Wapwani wote waliotutangulia, na kuta zetu za umma ni tupu, au zimejaa matangazo ya simu.

Na hapa nitasema jambo moja kwa ukali, mnisamehe. Mradi huu usigusishwe na magofu hata kidogo. Kwenye makaburi mengi ya pwani sasa zimebaki alama za duara tu. Vyombo vyenyewe vimeanguka, vimeng'olewa na wezi, au vimepelekwa makumbusho. Kigae utakachokiokota Kaole au Kunduchi, hata kiwe kidogo kama ukucha, ni ushahidi, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakilinda. Kiacheni kilipo. Vilevile tusiguse kuta za Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Nyumba zile zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na ukuta wa chokaa unapumua. Ukiupaka saruji na kuubandika vigae, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani na jiwe linaliwa taratibu. Tunazo kuta za tofali za saruji zisizo na idadi. Hizo ndizo zetu.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya Wazungu wa hotelini. Si kweli. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Oysterbay mwaka 1968, hakuagiza turubai wala rangi za kisanii. Alitumia vipande vya mbao za dari na rangi ya mafuta ya kawaida, na kutokana na hivyo ikazaliwa sanaa inayojulikana dunia nzima. Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi zima kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa, wakalivika ngozi ya ndala elfu 30, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Nje kidogo ya Nairobi, kule Kitengela, karakana aliyoianzisha Nani Croze imekuwa ikigeuza kioo chakavu kuwa mozaiki na madirisha kwa miongo kadhaa.

Mfano ninaoupenda zaidi uko mbali, India. Nek Chand alikuwa mkaguzi wa barabara mjini Chandigarh. Vijiji vilibomolewa ili mji mpya ujengwe, naye kuanzia mwaka 1957 akawa anakusanya mabaki: vigae, masinki, bangili zilizovunjika, mawe. Baada ya saa za kazi alijenga bustani ya sanamu katika ardhi ya serikali, kwa siri, miaka karibu 18. Ilipogunduliwa ilikaribia kubomolewa. Wananchi waliikingia kifua, na mwaka 1976 ikafunguliwa rasmi. Yeye alianza peke yake, gizani. Sisi tuna serikali za mitaa, tuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ambayo imefundisha wasanii hapa tangu ikiitwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na tuna mafundi vigae kila mtaa. Hatuna sababu ya kujificha.

Kazi yenyewe haihitaji miujiza, ila inahitaji nidhamu. Kigae hufunikwa kwa gunia kabla ya kupigwa nyundo, na apigaye huvaa miwani na glavu. Watoto wasipige, wao wapange, maana jicho la mtoto kwa rangi ni kali kuliko letu. Makali ya kioo yasuguliwe kwa jiwe la kunolea. Vigae vya sakafu ndivyo vya kuwekwa nje, kwa sababu ni vigumu na havinywi maji. Vile vyepesi vya ukutani vibaki kwenye kuta zenye paa. Kioo kinachopitisha mwanga kibandikwe juu ya saruji nyeupe, la sivyo kitafifia na uzuri wake hautaonekana. Mchanga uwe wa mto, usiokuwa na chumvi. Mchanga wa pwani hata ukioshwa siuamini, na kuuchota ni kuzila fukwe zetu wenyewe.

Ipo njia moja inayotufaa sana, kwa kuwa inaruhusu watu wengi kufanya kazi wamekaa chini, kivulini. Chukueni karatasi za mifuko ya saruji, zile za kahawia. Chora picha juu yake ikiwa imegeuzwa, kushoto kuwe kulia, na kama kuna maandishi yawe kinyume. Bandika vipande uso chini kwa uji wa unga wa ngano. Uji ukikauka, karatasi nzima inabebwa, inabandikwa ukutani kwenye gundi ya vigae au saruji mbichi, na siku inayofuata karatasi inaloweshwa na kubanduliwa. Kisha grauti hujaza mapengo, na kitambaa chenye maji hufuta uso kabla haijashika. Kwa njia hii akina mama wa Zinga wanaweza kutengeneza karatasi zao, madrasa ya Magomeni zao, darasa la tano la Mapinga zao, na zote zikakutana kwenye ukuta mmoja.

Tuchore nini? Hilo litaamuliwa na kila mtaa kwa mazungumzo, na wasiopenda picha za viumbe wasikilizwe kwa heshima. Hatutakosa cha kuweka. Milango yetu ya kuchonga ina minyororo, mitende na mayungiyungi. Mikeka yetu ina mipaka na miraba ambayo ukiitazama vizuri ni mozaiki tayari, imesukwa kwa ukindu. Mimi ningependa ukuta mmoja mrefu, labda karibu na stendi, ubebe njia ya msafara kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi hapa: wapagazi, pembe, na wale waliofikishwa pwani wakiwa wamefungwa. Wageni huja kuiona historia hiyo kwa kiingilio. Mtoto wa Nianjema aisome kila siku akienda shule, bila kulipa chochote.

Fedha zitahitajika, nisiwadanganye. Vipande ni bure. Saruji, grauti na glavu si bure. Lakini ukuta mmoja wa shule hauzidi uwezo wa mtaa ulioamua. Wenye hoteli na maduka ya vifaa vya ujenzi, nawaomba mifuko ya saruji na mabaki ya maboksi. Uongozi wa kiwanda cha Pingo, nawaomba vigae vyenye kasoro, lori moja tu kwa kuanzia. Na vijana mtakaojifunza vizuri, jiungeni katika kikundi kilichosajiliwa mkaombe mkopo wa halmashauri: sheria inaitenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Meza, fremu za vioo na namba za nyumba za mozaiki zina wanunuzi kuanzia hapa hadi Unguja. Wenye ulemavu wa miguu nawataja kwa makusudi: kupanga vipande ni kazi ya mikono na macho, na inafanywa umekaa.

Wenyeviti wa mitaa na vijiji, kwenu nina ombi mahususi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima. Mwezi huu, pamoja na mafagio, wekeni mapipa matatu mbele ya ofisi yenu: moja la vigae, moja la kioo, moja la vyombo vya kauri. Tangazeni msikitini, kanisani na kwenye vijiwe vya kahawa kwamba kila nyumba ilete ilichonacho. Mwalimu mkuu aliye tayari kutoa ukuta aje aseme ni upi, una urefu gani, na plasta yake ina hali gani. Wanafunzi na walimu wa sanaa waje na kalamu na karatasi. Na wewe fundi vigae, njoo na koleo lako la kukatia na mwiko, utupe saa mbili. Wapo watu wa kufundisha siku hiyo hiyo.