Kidato cha sita kitaisha lini? Habari ya kuhamia BCom

Najua nimepotea humu karibu wiki tatu. Kwanza majaribio, pili bando, tatu hasira. Majaribio yameisha, bando nimepata, hasira bado ipo, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Jana mchana nimekaa kwenye kimbweta napitia madesa, akanijia dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, anasoma ualimu kama mimi. Mkononi ana fomu ya kuhama kozi. "Shikamoo kaka," (mimi huyu wa kuamkiwa shikamoo!) "nimeambiwa wewe uliwahi kujaribu kwenda BCom. Eti inawezekana?" Nikamwambia ajaze, azungushe sahihi, apeleke kabla dirisha halijafungwa Ijumaa. Akashukuru, akaondoka anakimbia. Usiku nikawa najigeuza tu kitandani, maana nilikuwa najua kabisa watakachomjibu, na sikumwambia.

Basi nasema hapa.

Wengi wenu mnajua nilisoma EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati. Matokeo ya kidato cha sita yakaja C, C, D. Ukihesabu kwa pointi, C ni tatu na D ni mbili, jumla nane. Siyo mabaya, ila siyo ya kutambia mtaani. Niliomba BCom kama chaguo la kwanza, nikapata chaguo la pili, ualimu wa hisabati. Nyumbani walishangilia kwa sababu nyingine kabisa: Bodi ya Mikopo ina vipaumbele vyake, na ualimu wa sayansi na hisabati uko juu kwenye orodha. Mama alikuwa na mtaji wa maandazi na genge dogo. Mwanangu umepata chuo na bumu unapata, sasa unanung'unika nini?

Nilichokuwa nanung'unikia ni hiki. Tangu nikiwa kidato cha tatu mimi ndiye niliyekuwa nawaandikia kina mama wa mtaani daftari la VICOBA. Kila Jumapili: nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani karejesha, mfuko wa jamii una shilingi ngapi. Siku moja hesabu ilipungua elfu kumi na nane, wakaanza kutazamana vibaya, mmoja analia. Nilikaa na lile daftari mpaka saa nne usiku nikaona tatizo: rejesho moja liliandikwa kwa jina la mtu mwingine. Hakuna aliyeiba. Siku ile ndipo nilipojua kazi ninayoitaka, na wala sikujua kama kazi hiyo ina shahada yake.

Mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza, nikachukua fomu ya kuhama. Wadau, ile fomu ina safari! Sahihi ya idara unayotoka, sahihi ya idara unayokwenda, halafu wakuu wa pande zote mbili, halafu usajili. Huyu yuko kwenye kikao, yule kasafiri, mwingine anakuuliza kwa nini unakimbia ualimu kabla hujauonja. Nikazunguka siku tisa. Jibu likaja: pointi zako za kidato cha sita hazijafika za wenzako waliochaguliwa BCom. Sawa. Nikakubali kiroho safi, kwa sababu wakati ule hawakuwa na kingine cha kunipima nacho.

Nikasoma. Mwaka wa kwanza nikamaliza na GPA ya 4.2. Somo la utangulizi wa uchumi tulisoma ukumbi mmoja na watu wa BCom, mtihani mmoja, msahihishaji mmoja. Nilipata A. Siku tatu kabla ya mtihani, diskasheni ya watu kumi na wawili ilikuwa inafanyika pale chini ya mwembe, na aliyeshika chaki ni mimi. Tisa kati yao walikuwa BCom. Sisemi hivyo kuwadharau, ni washkaji zangu na wawili wanasoma humu (mambo vipi!). Nasema kwa sababu mwaka wa pili ulipoanza nilirudi na fomu nyingine, safari hii nimebandika matokeo yangu ya chuo kwa mbele kabisa. Jibu likawa lilelile: pointi za kidato cha sita hazitoshi. Halafu wakaongeza kwamba dirisha ni la mwaka wa kwanza tu.

Yaani mwaka mzima wa chuo, chuo hichohicho, mitihani waliyoitunga wao na kuisahihisha wao, haukuhesabika. Kilichohesabika ni wiki chache za mtihani nilioufanya kabla sijafika hapa. Ndiyo maana nauliza: kidato cha sita kitaisha lini?

Sasa angalieni hili. Kwenye darasa hilohilo la BCom kuna wenzetu waliotoka diploma. Hao TCU imewawekea kigezo chao: GPA ya 3.0 au zaidi kwenye diploma, wanaomba, wakipata nafasi wanaingia. Na ni haki yao, wengine ndio wanaotufundisha leja! Lakini fikirini mantiki yake. Mtu aliyesoma chuo cha diploma anapimwa kwa alichofanya chuoni. Mtu aliyesoma mwaka mzima hapahapa chuo kikuu hapimwi kwa alichofanya chuoni. Ningeacha chuo nikaenda kuanza diploma ya uhasibu ningekuwa karibu na BCom kuliko nilivyo sasa, na hata umbali wa kutoka darasa letu mpaka lao haufiki dakika tano kwa miguu.

Tusidhani ni jambo lisilowezekana duniani. Kule California, shule ya biashara ya Haas ya Chuo Kikuu cha Berkeley, ambayo kuingia kwake ni kwa mbinde, kwa miaka mingi ilikuwa haichukui wanafunzi wa mwaka wa kwanza kabisa. Ulikuwa unasoma kwanza miaka miwili, ndipo unaingia, na alama zako za chuo ndizo zinazoangaliwa. Mwaka 2024 wakaanza programu ya miaka minne inayochukua watu toka mwanzo, lakini waliosoma vyuo vya jamii vya miaka miwili bado wanaomba na kuhamia. Jimbo lile liliweka njia hiyo kwenye mpango wake wa elimu ya juu wa mwaka 1960. Nao wana foleni, nao wanakataa watu wengi tu. Ila anayekataliwa anakuwa amepimwa kwa kazi ya juzi.

Najua hoja za upande wa pili maana nimeshazisikia zote, nyingine kutoka kwa watu ninaolala nao chumba kimoja.

Ya kwanza: nafasi hazitoshi. Kweli, ukumbi wa BCom umejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Lakini mimi sisemi kila anayetaka ahamishwe. Nafasi zikiwa tano, wapewe watano, ila tushindane kwa matokeo ya mwaka wa kwanza. Na nafasi huwa zinapatikana, kwa sababu kila mwaka kuna wanaodisko na kuna wanaoacha wenyewe.

Ya pili: taifa linahitaji walimu wa hisabati. Hii inaniuma, kwa sababu ni kweli. Mimi mwenyewe sekondari tulikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa hesabu. Lakini niambieni, mwalimu aliyefungiwa ndani ya ualimu kwa pointi moja atawafundisha watoto nini? Na kama taifa linatuhitaji hivyo, mbona wahitimu wa ualimu wamejaa mitaani, wanaomba na kufanya usaili kama watu wengine wote? Ukitaka mtu abaki, mpe sababu ya kubaki. Kumfungia mlango hakumfanyi apende chumba.

Ya tatu ndiyo ngumu: kwamba kuna watu wanaomba ualimu kwa ajili ya mkopo, wakishaupata wanataka kukimbilia biashara. Wapo, tusifichane. Na mtoto wa maskini aliyetaka BCom tangu mwanzo lakini hakuomba kwa kuogopa kukosa mkopo anayo haki ya kuniona mimi mjanja. Jibu langu ni kwamba anayehama ahame na gharama yake. Mkopo wake uangaliwe upya kwa kipimo cha kozi anayokwenda, na kama kuna mwaka wa ziada aubebe. Mimi nilikuwa tayari. Nilikaa na mama, tukapiga hesabu ya maandazi usiku mzima, akaniambia "tutabanana." Tena mkopo wenyewe siyo zawadi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 makato ni asilimia 15 ya mshahara, uwe mwalimu au mhasibu.

Halafu nina neno na sisi wenyewe, watu wa ualimu tunaotaka kuhama. Tuache kuutukana ualimu. Nimesoma barua mbili za kuomba uhamisho ambazo washkaji waliniomba niwapitishie macho, zote mbili zimejaa "ualimu hauna hadhi", "ualimu ni kozi ya waliokosa". Unampelekea barua hiyo nani? Mhadhiri! Mwalimu! Unategemea akupe sahihi huku anatabasamu? Na ninyi mnaotuita wasaliti tukionekana na fomu, punguzeni. Mtu kubadilisha njia akiwa na miaka ishirini na moja hajamsaliti mtu.

Ninachotaka ni vitu vitatu tu, wala havihitaji bajeti ya serikali. Moja, dirisha la kuhama lifunguliwe tena baada ya matokeo ya mwaka wa kwanza. Mbili, alama za chuo zihesabiwe, hasa za masomo yanayohusika kama hisabati na uchumi. Tatu, nafasi zilizopo zibandikwe ubaoni, na anayekataliwa aambiwe kwa maandishi kwa nini. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, wakati wa kampeni mlikuja mpaka chumbani kwetu na pipi. Hii ajenda naomba muibebe, pipi tutajinunulia.

Sasa wewe dogo. Nimeambiwa unasoma humu. Samahani kwa jana, nilipaswa kukwambia ukweli. Ukweli ni kwamba kama pointi zako hazifiki za wenye BCom, mwaka huu watakukataa. Peleka fomu hata hivyo, ili jina lako lihesabike miongoni mwa walioomba, maana wakiona tuko wachache watasema hakuna tatizo. Tunza nakala. Usizembee kwenye masomo ya sasa kwa kuwaza unaondoka, nimeona watu wamepata sapu nne kwa sababu ya mawazo hayo, wakakosa huku na kule. Na ujue kwamba mitihani ya NBAA ina mlango hata kwa mwenye shahada ya fani nyingine, utaanzia chini tu kuliko mtu wa uhasibu. Siyo njia fupi. Mimi ndiyo niliyobaki nayo na nimeshaanza kutafuta vitabu vyake vilivyotumika. Mwenye navyo aniambie, nitanunua bumu likitoka.

Mwisho wa mwaka nakwenda tena mazoezi ya kufundisha. Mwaka jana nilipewa kidato cha pili, na siku walipoelewa milinganyo nilifurahi sana, sitaki kudanganya. Nikirudi nyumbani Jumapili bado naandika daftari la VICOBA. Kina mama wamefika arobaini na moja sasa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilipata pointi ngapi.

Naomba kuwasilisha. Mnaopinga, njooni tubishane kesho jioni palepale kwenye kimbweta, ila mje na hoja, matusi hapana. Nalala, nina kipindi saa moja asubuhi na mshkaji ninayebebana naye ameshachukua shuka lote.